Trikoderma kwenye maganda ya mpunga: namna ya kuzalisha kuvu inayokinga miche dhidi ya kinyausi na mnyauko

Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, iwe Ifakara, Mbarali au Mwea, hakukosi kilima cha maganda. Mengine huchomea matofali, mengine hutandikwa kwenye mabanda ya kuku, na yanayobaki hutiwa kiberiti. Si mbali na hapo yupo mkulima wa nyanya au hoho aliyenunua mbegu chotara kwa bei kubwa, akasia, miche ikaota vizuri, kisha asubuhi moja akaikuta imelala chini shingo zimesinyaa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyatumia maganda yale kuikinga miche hii.

Kinachounganisha maganda hayo na mkulima huyo ni kuvu iitwayo trikoderma. Inaishi kiasili kwenye udongo na kwenye miti inayooza, na wanasayansi wameijua kwa jina tangu 1794. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling, akifanya kazi California, alieleza jambo lililobadilisha mtazamo juu yake: nyuzi za trikoderma hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu nyingine, zikazitoboa na kuzila. Leo tunajua pia kwamba hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za kuvu adui, hujaza nafasi kuzunguka mizizi ili adui akose pa kushika, na huuchochea mmea wenyewe kuimarisha kinga yake.

Kabla ya hatua yoyote, lishike hili: trikoderma ni kinga, si tiba. Lazima iwe imeshakaa udongoni kabla mzizi haujakutana na adui. Anayeikimbilia miche ikiwa imeshaanza kuanguka amechelewa, na wengi wanaosema haifanyi kazi waliitumia hivyo.

Ujue kwanza unapambana na nani

Usitumie wiki tatu kuzalisha kuvu kwa ajili ya ugonjwa ambao kuvu hiyo haiuwezi. Magonjwa inayoyapunguza ni yale yanayosababishwa na kuvu na vimelea vinavyofanana na kuvu vinavyoishi udongoni.

Kinyausi utakijua kitaluni: shingo ya mche usawa wa udongo inalainika, inakuwa nyembamba na nyeusi au ya kahawia, mche unaanguka majani yakiwa bado kijani. Huanza sehemu moja ya kitalu kisha huenea kwa duara. Wahusika wakuu ni Pythium na Rhizoctonia, na hapa ndipo trikoderma inapoonyesha kazi yake waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Mnyauko fuzari hutokea shambani. Majani ya chini yanageuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea kabla ya mwingine. Ukipasua shina kwa urefu utaona mistari ya kahawia chini ya gome. Trikoderma husaidia ikitangulia, ila ifuatane na aina za mbegu zenye ukinzani na mzunguko wa mazao.

Kuoza kwa shina usawa wa udongo, kukiwa na utando mweupe na vipunje vya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu ya haradali, ni kazi ya Sclerotium rolfsii. Huyu naye anashambuliwa na trikoderma, hasa vile vipunje vinavyolala udongoni vikisubiri msimu ujao.

Sasa yule asiyewezekana kwa njia hii: mnyauko bakteria. Mmea mzima unanyauka ghafla ukiwa bado kijani. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kama sentimita 10, kishikilie ncha yake iguse maji safi kwenye glasi ya kioo bila kukitikisa. Michirizi myeupe kama maziwa ikianza kushuka ndani ya dakika chache, hao ni bakteria. Ng'oa mimea hiyo, itoe shambani, na usirudishe nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hapo kwa misimu kadhaa. Vivyo hivyo usitegemee trikoderma kwa bakajani chelewa wala kwa magonjwa ya virusi yanayoletwa na nzi weupe.

Mbegu ya kuvu itoke wapi

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kununua unga wa trikoderma uliosajiliwa kwenye duka la pembejeo. Lebo itaje jina la spishi, mfano Trichoderma asperellum au Trichoderma harzianum, idadi ya spora (chembe ndogo sana ambazo kuvu huzaliana kwazo) kwa gramu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga mzuri una spora milioni 100 au zaidi kwa gramu. Muulize muuzaji ulihifadhiwa wapi, maana pakiti iliyokaa dirishani juani inaweza kuwa imekufa ingawa tarehe yake bado. Njia ya pili ni kuomba mbegu safi iliyooteshwa kwenye bamba la maabara, kupitia idara za afya ya mimea kwenye vyuo vya kilimo kama SUA kule Morogoro au Egerton kule Njoro. Hii ndiyo bora, kwa sababu haijachanganyika na kitu.

Usikwangue ukungu wa kijani kwenye gogo au mkate ukadhani umepata trikoderma. Ukungu wa kijani ni wa aina nyingi, na baadhi ni sumu. Pia usizalishe kizazi baada ya kizazi kutoka kwenye mavuno yako mwenyewe: kila uhamisho unaongeza vijidudu vya kigeni na kudhoofisha kuvu. Ukishahamisha mara mbili, rudi kwenye chanzo.

Mahali na vifaa

Unahitaji chumba kidogo kisicho na upepo, kinachofagiliwa na kupigwa deki. Vifaa ni pipa la lita 200 lenye mfuniko, jiko la kuni, sufuria ya presha kama ipo, mifuko ya plastiki inayohimili joto (ile wanayotumia wakulima wa uyoga), chupa za kioo zenye mdomo mpana, pamba, spiriti ya asilimia 70, jiki, glavu na barakoa.

Ikiwa wewe au jirani yako mnalima uyoga, tafadhali usifanye kazi hii kwenye eneo hilo. Trikoderma haichagui kuvu mbaya na nzuri. Ule ukungu wa kijani unaoteketeza mifuko ya uyoga wa mamama ndio huu huu, na spora zake husafiri kwa hewa, nguo na viatu.

Na barakoa si ya mapambo. Spora zikipeperuka huwasha macho na kifua. Mwenye pumu, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka kwa maradhi au dawa, asishike kazi ya kuvuna na kukausha.

Hatua ya 1: mbegu mama kwenye mtama

Maganda ni chakula duni, kwa hiyo kuvu iingie ikiwa tayari ina nguvu. Nguvu hiyo inaipata kwenye nafaka. Mtama ni mzuri kuliko mchele kwa sababu punje zake hazigandamani.

Osha kilo 1 ya mtama, loweka usiku kucha, kisha chemsha dakika 20 hivi, punje ziive katikati lakini zisipasuke. Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi mpaka maji ya nje yakauke. Punje ikibonyezwa iwe laini, lakini isilowanishe kidole. Jaza chupa nusu yake tu ili kubaki nafasi ya kutikisa, ziba kwa pamba iliyokazwa, funika pamba kwa karatasi ya aluminiamu.

Chemsha kwenye sufuria ya presha kwa muda wa saa 1 tangu ianze kupuliza mvuke. Acha presha ishuke yenyewe ndipo ufungue, maana wengi wameungua hapa. Kama huna presha, tumia mvuke wa kawaida saa 1 kwa siku, siku 3 mfululizo, chupa zikikaa joto la chumba katikati. Sababu ni kwamba mvuke wa siku ya kwanza unaua vijidudu hai lakini si mbegu zao ngumu. Mbegu hizo zikiota usiku, mvuke wa kesho unaziua zikiwa laini.

Chupa zikipoa kabisa, tia mbegu ya kuvu: kipande kidogo cha bamba la maabara chenye ukubwa wa ukucha, au ncha ya kijiko ya unga wa dukani. Ziba, tikisa, weka mahali penye nyuzijoto 25 hadi 28 za Selsiasi. Siku ya tatu tikisa tena kuvunja mabonge. Ndani ya wiki moja punje zitakuwa zimevaa kijani. Chupa yenye rangi nyingine usiitumie hata kidogo, kwa sababu kosa la chupa moja litaingia kwenye kila mfuko utakaoutengeneza. Kilo 1 ya mtama mkavu inatosha kwa kilo 40 hivi za maganda mabichi.

Hatua ya 2: kuandaa maganda

Ganda la mpunga limejaa silika, halishiki maji vizuri na lina chakula kidogo. Sifa yake ni hewa: haligandamani, na trikoderma haiwezi kuishi bila hewa. Pumba laini za mpunga au za mahindi ni kinyume chake, zina chakula tele lakini peke yake hushikana, hukosa hewa na kuchacha. Kwa hiyo changanya. Kilo 7 za maganda kwa kilo 3 za pumba ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Loweka maganda usiku kucha yakiwa kwenye gunia lililozamishwa kwa jiwe, maana yanaelea. Asubuhi yatundike yachuje maji kwa muda, ndipo uchanganye pumba kavu. Pumba itanyonya maji yaliyobaki juu ya maganda.

Kisha pima maji kwa mkono, na hapa usiwe na haraka. Chota mchanganyiko, kamua kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitokeza kati ya vidole, umefika. Maji yakichuruzika, ni mengi mno: bakteria watatangulia na mfuko utanuka uchachu. Usipoona unyevu hata kidogo, nyuzi zitakwama njiani. Katika kazi hii yote hakuna kipimo kinachoharibu mifuko mingi kama hiki, na hakuna kinachorekebishika kirahisi kama hiki, kwa kuwa dawa yake ni kuongeza pumba kavu au kikombe cha maji.

Usitie chokaa wala majivu. Wakulima wa uyoga hutia chokaa, na moja ya faida zake kwao ni kumzuia huyu tunayemtafuta sisi. Trikoderma hupenda mazingira yenye asidi kiasi, pH kati ya 4 na 6.

Huna mpunga? Magunzi ya mahindi yaliyosagwa, makapi ya miwa yaliyokatwakatwa na maganda ya kahawa yanafaa kwa utaratibu huohuo, yote yakiongezewa pumba. Lakini magunzi au pumba zilizoota ukungu ziache kabisa. Mvuke unaua ukungu, hauondoi sumukuvu iliyokwisha kutengenezwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Si kitu cha kuchezea wala kukivutia hewani.

Hatua ya 3: mvuke

Pakia gramu 500 za mchanganyiko kwa kila mfuko, usishindilie. Kunja mdomo, usifunge kwa kukaza, mvuke uingie.

Panga matofali ndani ya pipa, kwenye kitako chake, weka wavu juu yake, mimina maji yasifike kwenye wavu. Panga mifuko ukiacha nafasi, funika kwa magunia kisha mfuniko. Muda uhesabiwe kuanzia mvuke unapotoka kwa wingi, si moto unapowashwa. Kutoka hapo endesha moto kwa muda wa saa 4 hadi 5 bila kuuacha upoe. Maji yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi. Ukimaliza acha pipa limefunikwa mpaka kesho yake. Mifuko inapopoa huvuta hewa ndani, na ukiifunua mapema itavuta hewa chafu.

Wapo wanaomwaga maji ya moto juu ya maganda na kuanza kupandikiza. Kwa uyoga ulioota kwenye majani makavu bila pumba njia hiyo huweza kupita. Kwa mchanganyiko wenye pumba sishauri, kwa sababu pumba ni karamu kwa kila kijidudu.

Hatua ya 4: kupandikiza

Fanya alfajiri, kabla vumbi la mchana halijaamka. Funga madirisha, zima feni, panguza meza kwa jiki iliyozimuliwa. Oga, vaa nguo safi, funga nywele. Paka spiriti mikononi na kwenye kijiko, uiache ikauke kabisa kabla ya kukaribia moto wowote.

Kazi iende kwa watu wawili. Mmoja anafungua mfuko kiasi cha kijiko kupita, mwingine anatia mtama wa kijani kijiko kimoja kikubwa, mfuko unafungwa mara moja. Wakati huo hakuna kuongea. Baada ya hapo tikisa mtama usambae, acha nafasi ya hewa juu, chomeka pamba mdomoni na kuufunga kuizunguka, mfuko upumue bila kuingiza vumbi.

Hatua ya 5: kukuza

Laza mifuko kwenye rafu, unene wa mchanganyiko ndani usizidi sentimita 4. Usiirundike. Kuvu ikikua hutoa joto, na mifuko iliyopandana hupata joto katikati hata kama chumba ni cha baridi. Nyuzi 25 hadi 30 ndizo nzuri. Ikipita 35 ukuaji unasimama na wageni wanachukua nafasi. Huku pwani, Tanga au Mombasa, ni bora kufanya kazi hii miezi ya Juni hadi Agosti au kwenye chumba chenye ukuta mnene. Nyanda za juu kama Njombe au Limuru tatizo ni baridi, na utasubiri siku kadhaa zaidi.

Siku ya pili au ya tatu utaona utando mweupe. Siku ya nne bonyeza mfuko kwa nje uvunje mabonge bila kuufungua. Kuanzia hapo upate mwanga wa mchana, si jua la moja kwa moja. Mwanga ndio unaoiamrisha kuvu hii kutoa spora; mifuko iliyokaa gizani inaweza kubaki myeupe, mtu akadhani imeshindikana. Kati ya siku ya 5 na ya 7 kijani kitaanza, na kufikia siku ya 12 hivi mfuko mzima utakuwa umegeuka.

Hatua ya 6: kusoma rangi na harufu

Pita kwenye mifuko kila siku. Usiifungue; plastiki angavu inatosha kukuonyesha.

Kijani kilichokolea, kilichoenea sawasawa baada ya weupe, ndicho unachokitaka. Baadhi ya aina za trikoderma zina harufu inayokaribia ya nazi. Kijani chenye umanjano, hasa kikiwa cha vumbi, kinaweza kuwa Aspergillus flavus, mtengenezaji wa sumukuvu. Unga mweusi ni Aspergillus niger. Rangi ya machungwa inayokimbia kwa siku moja na kutokeza nje ya pamba ni Neurospora. Hiyo ikiingia chumbani huhama mfuko hadi mfuko, kwa hiyo simamisha kazi na usafishe kila kitu. Manyoya ya kijivu yenye vichwa vyeusi ni Rhizopus. Kijani cha bluu huwa mara nyingi ni Penicillium. Utelezi na harufu ya uchachu ni bakteria.

Mfuko wenye shaka hauokolewi kwa kukata sehemu mbaya. Utoe bila kuufungua, uupige mvuke saa 1, kisha uzike mbali na kuku na mbuzi. Mifuko mizuri nayo isiwe chakula cha mifugo kamwe, hata pumba zikionekana nzuri kiasi gani. Katika mapipa yako ya mwanzo utatupa mifuko, na hilo ni sehemu ya kazi. Anayeshindwa kutupa atapeleka ugonjwa kitaluni kwa mkono wake.

Hatua ya 7: kuvuna na kuhifadhi

Bora zaidi ni kutumia ikiwa mbichi, ndani ya wiki mbili tatu, bila kukausha. Panga siku ya kusia kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma: siku 7 za mtama, 12 za mifuko na wiki 2 za mboji. Yaani karibu wiki 5 kabla.

Ukilazimika kuhifadhi, tandaza kivulini unene wa sentimita moja au mbili kwenye chumba kikavu, siku 2 hadi 4, ukivaa barakoa muda wote. Jua la moja kwa moja linaua spora. Weka kwenye mifuko ya karatasi, andika tarehe, hifadhi mahali pakavu, pa baridi na giza. Kabla ya kutumia iliyokaa, ijaribu: weka chembechembe chache juu ya wali mweupe uliopikwa bila mafuta wala chumvi, kwenye chombo safi kilichofunikwa. Siku ya nne uone weupe na dalili za kijani. Usipoona, imekufa.

Hatua ya 8: kuipeleka kwenye mizizi

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kupitia mboji, kwa kuwa inaikuza kuvu mara ya pili bila gharama. Wakulima wa India wanaitumia sana. Changanya kilo 1 ya mavuno yako na kilo 100 za mboji au samadi iliyoiva kabisa, isiyo na joto. Nyunyiza maji mpaka iwe na unyevu wa kukamua tone, rundika kivulini kimo cha goti, funika kwa magunia yaliyoloa. Geuza kila baada ya siku 3 au 4. Baada ya wiki 2 iko tayari. Samadi mbichi haifai: joto lake linaua kuvu, na amonia yake pia.

Kwenye trei au kitalu, changanya sehemu moja ya mboji hii na sehemu tatu au nne za udongo wako wa kusia, siku chache kabla ya kuweka mbegu. Shambani, tia konzi moja kwenye kila shimo siku ya kupandikiza, iguse mizizi.

Kwa kuchovya miche, koroga gramu 100 za mavuno kwenye lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa, chovya mizizi dakika 15 na upande siku hiyohiyo jioni. Mchanganyiko mpya wa namna hiyo unaweza kumwagiwa shinani baada ya wiki tatu au nne, udongo ukiwa na unyevu. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza klorini itoke.

Angalia mbegu zako. Mbegu nyingi za mboga huuzwa zikiwa zimepakwa dawa ya ukungu yenye rangi ya waridi, bluu au kijani. Usipake trikoderma juu ya mbegu hizo, dawa itaiua. Itangulize kwenye udongo.

Vinavyoiua baada ya kazi yote

Dawa zenye kabendazimu ni adui mkubwa. Trikoderma haistahimili hata dozi ndogo. Dawa nyingine nyingi za ukungu zinazomwagiwa udongoni nazo huidhoofisha. Acha angalau wiki mbili kati ya dawa na kuvu, na usichanganye viwili hivyo kwenye bomba moja la kupulizia. Majivu na chokaa visimwagwe shinani kipindi hicho. Udongo ukikauka kabisa kuvu hulala. Matandazo ya majani makavu yanaisaidia kuishi. Na kitalu kilichojaa maji kutwa nzima kitampa Pythium nafasi hata kama umetia trikoderma, kwa hiyo inua tuta, punguza wingi wa mbegu na mwagilia asubuhi.

Ukitaka kuuza

Kutengeneza kwa ajili ya shamba lako ni jambo moja, kuweka kwenye pakiti na kuuza ni jingine. Tanzania, kiuatilifu cha kibiolojia lazima kisajiliwe na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na Kenya na PCPB (bodi ya kudhibiti viuatilifu). Utaratibu huo unamlinda mnunuzi dhidi ya pakiti iliyojaa Aspergillus. Inawezekana kulifanya kwa kiwango kikubwa bila viwanda vya gharama: Cuba, baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika na dawa za viwandani kuadimika, ilikuwa na vituo zaidi ya 200 vilivyozalisha wadudu na kuvu rafiki, vingi kwenye maeneo ya vijijini na kwa kutumia mabaki ya mazao. Kazi ya namna hiyo inahitaji upimaji wa ubora kila mara. Kikundi kinachofikiria biashara kianze kwa kutafuta mtaalamu wa maabara wa kuhesabu spora na kuchunguza uchafu.

Jaribio la msimu wa kwanza

Usitie trikoderma kwenye miche yote. Chukua trei nne, mbegu za pakiti moja, udongo uleule, maji yaleyale. Mbili zipate mboji yenye trikoderma, mbili zipate mboji ya kawaida. Zipange zikipishana ili kivuli na upepo visipendelee upande. Hesabu iliyoota siku ya 10, kisha iliyosimama siku ya 14, 21 na 28, uandike kwenye daftari. Ng'oa michache kila upande uoshe mizizi na kuilinganisha urefu na weupe. Tofauti isipoonekana, rudia jaribio la wali kujua kama kuvu ilikuwa hai, na rudia jaribio la glasi ya maji kujua kama adui wako ni bakteria, kabla hujaloweka gunia jingine la maganda.